SOMO LA WIKI: Kompyuta ya zamani ikiulizwa swali na kukaa kimya

Wiki hii tunaziacha kwa muda bei za simenti, nondo na mabati, tuutazame mtambo unaoziandika bei hizo dukani. Wasomaji wetu wengi, hasa wenye maduka ya jumla na wale walionunua biashara ndogo pamoja na vifaa vyake, bado wanafanya hesabu kwa kompyuta yenye Windows 7, na wapo wachache waliobaki na Windows XP. Kompyuta hizo zina ugonjwa mmoja ambao mafundi wengi huutibu kwa kukata mguu. Programu ya hesabu inafunguliwa, inaanza kupanda, kisha inakaa kimya. Alama ya kusubiri inazunguka. Hakuna ujumbe wa kosa, mashine haizimiki, mausi inatembea kama kawaida, lakini kazi haiendi.

Mzee mmoja mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, ambaye ni msomaji wa ukurasa huu wa siku nyingi, alinipigia simu tatizo hilo likiwa limefikisha siku ya tatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Mashine imekufa. Fundi anasema ninunue nyingine."

Kwa siku hizo tatu karani wake alikuwa akiandika mauzo kwenye daftari la shule. Mauzo ya fedha taslimu hayakuwa na taabu, kwani pesa iliyomo kwenye droo ndiyo hesabu yenyewe. Mauzo ya mkopo ndiyo yaliyomuumiza. Bila programu, karani hakuweza kuona nani anadaiwa kiasi gani, na mteja mmoja ambaye deni lake lilishafika kikomo alipakia mabati gari zima akaondoka nayo kwa ahadi ya Ijumaa. Kompyuta iliyoganda haimgharimu mfanyabiashara fedha ya fundi peke yake.

Nilipofika nilikuta fundi alishafanya mambo mawili. Kwanza aliiondoa programu ya hesabu na kuiweka upya, isisaidie kitu. Pili alifuata dawa inayosambaa sana miongoni mwa mafundi, akafuta kile kinachoitwa ghala la WMI. Programu ikaendelea kuganda vilevile, na juu ya hapo dirisha la kusimamia hazina ya data likakataa kufunguka. Mgonjwa aliyekuwa na homa sasa alikuwa na homa na kidonda.

Nani anauliza, nani anajibu

Ndani ya Windows kuna huduma inayoitwa WMI. Kazi yake ni kujibu maswali kuhusu kompyuta yenyewe: ina diski ngapi, namba yake ya BIOS ni ipi, kumbukumbu imebaki kiasi gani, programu zipi zimewekwa. Microsoft iliitoa kwanza kama nyongeza ya Windows NT 4.0, kisha ikaiweka moja kwa moja ndani ya Windows 2000, na kila Windows iliyofuata imekuja nayo. Mwenye duka hana haja ya kuijua siku zote. Lakini programu za hesabu huitumia bila kumwambia, na sababu ya kawaida ni leseni. Kila inapofunguliwa, programu huuliza namba ya diski au ya BIOS ili ihakikishe kwamba haijanakiliwa kutoka mashine moja kwenda nyingine. Jibu lisipokuja, programu haifunguki, wala haisemi inasubiri nini.

Ili tuelewane, tuichukulie huduma hiyo kama kaunta ya duka la jumla. Mbele amekaa karani, ambaye kwa lugha ya Windows ni huduma ya Winmgmt. Yeye hapimi wala habebi kitu, kazi yake ni kupokea swali na kulipeleka nyuma. Nyuma wapo vijana wengi, kila mmoja na shughuli yake: huyu anajua habari za diski, yule za printa, mwingine za programu zilizowekwa. Tuwaite watoa habari. Kisha kuna ghala, ambalo ni mafaili yaliyomo katika folda ya C:\Windows\System32\wbem\Repository. Ghala hilo ni kama daftari la orodha, linaloeleza ni maswali gani yanaweza kuulizwa na ni kijana gani wa kuyajibu. Zamani watoa habari wengi walikaa chumba kimoja na karani, mmoja akianguka anamwangusha na karani. Kuanzia Windows XP walihamishiwa kwenye vyumba vyao, yaani programu iitwayo WmiPrvSE.exe, ambayo msomaji anaweza kuiona kwenye Task Manager, wakati mwingine zikiwa mbili au tatu kwa pamoja.

Sasa swali likiganda, aliyekwama mara nyingi ni kijana mmoja wa nyuma. Karani yupo, anapokea maswali mengine na kuyajibu. Ghala ni zima. Ni kijana mmoja tu aliyetumwa kitu ambacho hakipatikani, naye hana amri ya kurudi mikono mitupu.

Kwa nini basi dawa ya kufuta ghala imepata sifa kubwa hivyo? Mimi nadhani ni kwa sababu ili ulifute ni lazima kwanza uisimamishe huduma, kisha uiwashe. Kule kuzima na kuwasha kunamfungua kijana aliyekwama, swali linajibiwa, na fundi anaamini kwamba kufuta ndiko kulikoponya. Fundi angeweza kuzima na kuwasha tu, akaenda zake bila kuvunja kitu.

Uliza kidogo kidogo

Njia ya kumtambua aliyekwama haina ufundi mwingi. Fungua dirisha la amri, anza na swali jepesi kabisa: wmic os get caption. Jibu likija mara moja na jina la Windows, basi karani yupo na ghala linasomeka. Endelea na wmic bios get serialnumber. Kisha wmic diskdrive get model. Kisha wmic logicaldisk get deviceid,volumeserialnumber. Swali litakalokaa kimya ndilo linalokuonyesha chumba chenye matatizo. Asiyependa kuandika amri anaweza kutumia wbemtest, dirisha dogo lililokuja pamoja na Windows yenyewe, ambalo sura yake ni ya kizamani lakini kazi yake ni ya uhakika.

Hapa pana mtego, na ndio uliompata yule fundi. Alifungua dirisha la amri kwa kibali cha msimamizi, akauliza swali la diski, akajibiwa upesi. Akaamua kwamba WMI ni nzima na ubaya uko kwenye programu. Karani wa duka hafungui programu kwa kibali hicho. Kuanzia Windows Vista, dirisha la msimamizi kwa kawaida halizioni herufi za mtandao zilizounganishwa na mtumiaji wa kawaida. Kwa hiyo fundi alikuwa anauliza kuhusu diski C na D peke yake, wakati programu ilikuwa inauliza kuhusu C, D, Y na Z. Nilipolirudia swali lile katika dirisha la kawaida, kwa jina la karani mwenyewe, likakaa kimya palepale.

Niliandika net use. Y na Z zikatokea, zote zikielekea kwenye kompyuta ya stoo.

"Dada, kompyuta ya stoo iko wapi?" nikamwuliza karani.

"Ile? Mzee aliiuza wiki iliyopita."

Kompyuta ilishaondoka, lakini herufi zake zilibaki zikining'inia. Kila programu ya hesabu ilipouliza namba za diski zote, mtoa habari alitoka kwenda kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa, akasubiri kwa Y mpaka muda wa mtandao ukaisha, akaenda kusubiri tena kwa Z. Programu nayo ilikuwa ikiuliza swali hilohilo zaidi ya mara moja. Karani hakuwa na subira ya kungoja yote hayo, naye mtu hawezi kumlaumu, foleni ilikuwa mlangoni. Alikuwa anaifunga na kuifungua upya, na kila alipofungua safari ilianza mwanzo.

Niliandika net use Y: /delete, kisha net use Z: /delete. Programu ikafunguka.

Msomaji atauliza nilijuaje kwamba programu inauliza habari za diski na si kitu kingine. Windows 7 ina daftari la matukio, na humo, ukiruhusu madaftari ya uchunguzi yaonekane, utakuta sehemu ya WMI-Activity yenye daftari la Trace. Kwa kawaida limezimwa. Ukiliwasha, kisha ukaifungua programu, litaandika swali lenyewe neno kwa neno pamoja na namba ya programu iliyouliza. Linganisha namba hiyo na ile iliyo kwenye Task Manager, na muulizaji amepatikana. Lizime ukimaliza, kwa maana linajaa upesi. Kuanzia Windows 8 makosa ya WMI huandikwa bila kuwashwa, katika daftari la Operational, yakiwa na namba ya tukio 5858. Kwa wenye XP mambo ni tofauti: huko kuna mafaili ya maandishi ya kawaida ndani ya folda ya system32\wbem\Logs.

Ukimjua aliyekwama, si lazima uwashe upya mashine nzima. Amri ya wmic path Msft_Providers get provider,hostprocessidentifier inaorodhesha kila mtoa habari na namba ya chumba alichomo. Funga WmiPrvSE.exe yenye namba hiyo kwenye Task Manager. Swali likiulizwa tena, Windows itafungua chumba kipya. Hiyo ni nafuu ya siku moja, si tiba. Likiganda tena palepale, ndipo utafute anasubiri nini.

Maswali yasiyofaa kuulizwa

Yapo maswali ambayo hayagandi kwa ubovu wa mashine bali kwa sababu ni mazito mno. La kwanza na baya kuliko yote ni lile la Win32_Product, ambalo huulizwa kupata orodha ya programu zilizowekwa. Mkaguzi akija na programu yake ya kuorodhesha mali, au kijana wa kompyuta akitaka kujua mashine ina nini, mara nyingi hili ndilo analolitumia. Linaonekana la upole. Kumbe kila linapoulizwa, Windows haisomi orodha tu. Inaikagua kila programu iliyowekwa kwa njia ya Windows Installer, moja baada ya nyingine, na ikiona pengo inajaribu kulitengeneza. Kwenye diski ya zamani yenye programu nyingi zoezi hilo huchukua dakika nyingi, na aliye mbele ya kioo atasema imeganda. Ushahidi wake ni kwamba daftari la matukio litajaa tukio namba 1035 la MsiInstaller, moja kwa kila programu. Microsoft wenyewe walishatoa tahadhari juu ya swali hili. Orodha ileile inapatikana kwa sekunde chache kwenye rejista, chini ya ufunguo wa Uninstall, bila kumgusa mtu. Ukimkuta fundi analiuliza swali hilo saa nne asubuhi duka likiwa limejaa, mwombe kwa heshima asubiri jioni.

Swali jingine ni la Win32_NTLogEvent likiulizwa bila kubanwa. Hapo unakuwa umemwambia kijana asome madaftari yote ya matukio tangu mashine iliponunuliwa. Lazima utaje daftari gani na tarehe gani. Hali kadhalika Win32_UserAccount kwenye ofisi yenye mtandao mkubwa wa watumiaji: bila kutaja kwamba unataka wa mashine hii tu, litakwenda kuhesabu watu wa ofisi nzima. Na swali la diski, kama tulivyoona, lisiulizwe kwa diski zote iwapo kinachotakiwa ni C pekee. Mtengenezaji wa programu ya yule mzee angeandika neno moja zaidi, where deviceid='C:', mabati yale yangekuwa bado stoo.

Yapo pia maswali ya vipimo vya utendaji, yaani mashine inatumia nguvu kiasi gani kwa sasa. Hayo yakigoma au yakirudi matupu, mara nyingi vihesabio vyake vimevurugika, navyo hujengwa upya kwa lodctr /R kisha winmgmt /resyncperf. Na kila chumba cha watoa habari kina kikomo cha kumbukumbu, megabaiti 512 kuanzia Vista na 128 kwenye XP. Kikipitwa, jibu huwa kosa namba 0x8004106C. Wengine hukimbilia kukipandisha kikomo. Mimi singeshauri kabla ya kumjua mlaji.

Kuna aina moja ya kuganda inayochekesha, kwa kuwa swali lenyewe huwa halijaulizwa. Programu nyingine haziongei na WMI moja kwa moja, bali huiita amri ya wmic kwa siri nyuma ya pazia na kusoma jibu lake. Kwenye Windows XP na Windows Server 2003, wmic ikiitwa namna hiyo huweza kukaa ikisubiri mtu aiandikie kitu kwenye kibodi. Programu inamsubiri wmic, wmic anamsubiri mtu, na mtu haoni dirisha lolote. Ukiiandika amri hiyohiyo kwa mkono inajibu bila kusita, ndiyo maana inasumbua vichwa. Anayeandika amri hizo katika faili aongeze mwishoni alama ya kuelekeza kwenye nul, namna hii: wmic os get caption < nul. Mwenye programu iliyonunuliwa hana la kufanya isipokuwa kumweleza mtengenezaji, naye atalielewa mara moja akielezwa.

Karani mwenyewe akikwama

Ikiwa hata wmic os get caption haijibu, hapo ndipo pa kumshuku karani au ghala. Hata hivyo usifute. Kuanzia Windows Vista kuna amri ya winmgmt /verifyrepository, ambayo inaangalia tu na kutoa taarifa. Ikisema ghala liko sawa, liache lilivyo, rudi kutafuta kwingine. Ikisema haliko sawa, kwanza weka nakala kwa winmgmt /backup na jina la faili, kisha tumia winmgmt /salvagerepository, ambayo hujenga ghala jipya na kuhamisha kutoka la zamani kila kinachosomeka. Winmgmt /resetrepository, inayolirudisha ghala kama lilivyokuwa Windows ilipowekwa, ni ya mwisho kabisa. Kwenye XP amri hizo tatu za kukagua, kuokoa na kurudisha hazipo, na anayesema amezitumia huko ana jambo la kueleza.

Hasara ya kufuta ni nini hasa? Ghala likijengwa upya, Windows huandikisha upya watoa habari wake, pamoja na wale wa programu nyingine waliojiorodhesha kwamba waandikishwe tena wakati wa ajali. Wasiojiorodhesha hupotea. Kilichompata yule mzee ndicho hicho. Hesabu zake zilikuwa ndani ya SQL Server 2008, na dirisha la kuisimamia hutegemea WMI. Baada ya ghala kufutwa, dirisha lilitoa kosa namba 0x80041010, maana yake aina ya kitu kilichoulizwa haijulikani. Hesabu zenyewe zilikuwa salama, hazina ya data ilikuwa inafanya kazi, ila fundi alipoona kosa lile alimwambia mzee kwamba hesabu zimeharibika, na hapo ndipo wazo la mashine mpya lilipozaliwa. Tiba yake ni amri moja: mcofcomp haipo, jina ni mofcomp, ikifuatiwa na faili la sqlmgmproviderxpsp2up.mof lililomo katika folda ya Shared ya SQL Server, chini ya namba 100 kwa toleo la 2008, au 110 kwa toleo la 2012. Nalitaja kosa la herufi kwa sababu mimi mwenyewe nililiandika vibaya mara mbili mzee akiwa nyuma yangu.

Wenye tawi zaidi ya moja

Wapo wanaouliza mashine ya tawi la pili kutoka tawi la kwanza. Huko swali huganda kwa sababu rahisi zaidi: mashine ya upande wa pili imezimwa, au ukuta wake wa ulinzi umefungwa. Hakikisha kwanza kwa ping. WMI hupitia mlango namba 135, kisha huhamia kwenye mlango mwingine wowote kati ya 49152 na 65535, na kwa Windows za kabla ya Vista kati ya 1025 na 5000. Kufungua wa 135 peke yake hakutoshi. Kosa la 0x800706BA ni dalili kwamba upande wa pili haufikiki. Lakini nisieleweke kwamba nashauri kuifungua milango hiyo kwenye intaneti. Agosti 2003 mdudu aliyeitwa Blaster alipita mlango huo wa 135 na kuziangusha mashine za XP na 2000 duniani kote. Mawasiliano ya matawi yapite ndani ya njia iliyofungwa ya kampuni yenyewe, vinginevyo piga simu umwulize karani wa huko.

Anayeandika maswali yake mwenyewe ayape muda wa mwisho. Amri ya zamani ya PowerShell, Get-WmiObject, haina kipimo cha kuaminika cha muda wa kusubiri. Get-CimInstance, iliyokuja na PowerShell 3.0, inacho: ukiandika -OperationTimeoutSec 30, baada ya sekunde 30 inarudi na kosa badala ya kukaa milele. PowerShell hiyo inaweza kuwekwa kwenye Windows 7 yenye SP1.

Je, mzee anunue mashine mpya?

Nilimwambia anunue, ila si kwa sababu aliyopewa. Swali kuganda si kifo cha mashine, na herufi mbili za mtandao zisizo na mwenyewe si sababu ya kutoa fedha za mtaji. Sababu iliyo ya kweli ni kwamba Microsoft iliacha kuitengenezea Windows 7 marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, kama ilivyoiacha XP tarehe 8 Aprili 2014 na Server 2003 tarehe 14 Julai 2015. Mashine ya namna hiyo iliyobeba orodha ya wadaiwa na huku inafungua barua za intaneti ni hatari kwa mwenye duka. Tofauti ya sababu hizi mbili ni tofauti ya bei. Anayenunua siku ya tatu ya kuganda, foleni ikiwa mlangoni, hununua kwa bei anayotajiwa, tena data zake huhamishwa kwa haraka na mtu aliyechoka. Anayenunua kwa sababu ya usalama huweza kusubiri mwezi ufungwe, akaulizia bei maduka matatu, akahamisha Jumapili. Wawekezaji wanaotaka kununua biashara pamoja na vifaa vyake nao wajue hili: kompyuta inayoganda haishushi sana thamani ya duka, lakini Windows iliyoachwa na mtengenezaji inaongeza gharama ambayo ni lazima iingie kwenye mazungumzo.

Na fundi akija, mwulize swali moja kabla hajagusa kitu: ni swali gani limeganda, na linasubiri nini? Mlipe kwa kulijibu hilo, hata kama tiba yenyewe itakuwa ni amri moja ya maneno matatu.

Mzee alifunga mwezi wake kwa mashine ileile, akanunua nyingine wiki iliyofuata. Ile ya zamani imekwenda stoo, imechomolewa intaneti, inachapa risiti za kutolea mzigo. Kwenye mashine mpya asishangae akiikosa amri ya wmic, kwa kuwa Microsoft iliacha kuiendeleza tangu Windows 10 toleo la 21H1, atumie Get-CimInstance. Mteja wa mabati alikuja Ijumaa kama alivyoahidi, akalipa nusu.